Kibarua, Mshahara na Bakshishi: Maneno ya Kazi katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Makala hii ina kusudi la kuyachungua maneno machache ambayo watu wa Moshi na wa miteremko ya Kilimanjaro huyatumia wanaposema habari za kazi na malipo yake. Maneno yenyewe si mageni kwa wasomaji wa jarida hili. Mengi yamo katika kamusi, na asili zake zimekwisha kuelezwa. Lakini kamusi huliweka neno peke yake, wala haituambii ni nani alilitamka, akimwambia nani, na katika siku ipi ya mwezi. Neno la kazi ni neno la mapatano kati ya watu wawili, mmoja mwenye nguvu zake na mwingine mwenye fedha. Kila mara biashara ya ulimwengu ilipoupanda mlima huu kwa njia mpya, mapatano hayo yalibadilika, na pamoja nayo ama lililetwa neno jipya, ama la zamani lilipewa maana nyingine.

Iko na sababu nyingine ya kuandika, iliyo nzito zaidi. Siku hizi wachunguzi wengi wa vyuo vikuu wanaoandika juu ya mabadiliko ya uchumi hupenda kuuliza kama mfanyakazi ameridhika na kazi yake. Swali hutungwa kwa Kiingereza, hufasiriwa kwa Kiswahili, hupelekwa kwa mtu aliye shambani au kiwandani, kisha majibu huhesabiwa na kuwekwa katika majedwali. Twaamini kwamba katika kufasiri huko hupotea jambo kubwa, na kwamba jedwali lililo safi laweza kuwa na uwongo ndani yake bila ya mtu yeyote kukusudia kusema uwongo. Tutalieleza jambo hilo mahali pake. Kwanza yafaa tuyafuate maneno kwa utaratibu wa kuja kwake.

Kabla ya fedha kuwa kipimo, kazi ya Mchagga ilikuwa na mahali pake, napo ni kihambani, yaani katika shamba la migomba lililoizunguka nyumba na kurithiwa na watoto wa kiume. Kihamba hakikulimwa kwa ujira. Mifereji ya maji iitwayo mifongo ilichimbwa na kusafishwa na watu walioyatumia maji yake, na kazi ya jumla iliyoitishwa na wakubwa iliitwa msaragambo. Neno hili limeingia katika Kiswahili cha upande wa Kaskazini, Uchagani na Upareni pia, na hata leo kijiji kikitaka barabara yake itengenezwe hutangazwa msaragambo, na asiyefika huweza kutozwa faini. Tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa furaha tupu, kama wapendavyo kusema watu wanaosifu kila jambo la kale. Mangi aliweza kuwaita watu kwa shughuli zake mwenyewe, na mtu aliyekaa nyumbani alijua yatakayompata. Tofauti yake na kazi za baadaye ni ya hesabu. Hapakuwa na mtu aliyeuliza siku moja ya mwanadamu yafaa kiasi gani.

Hesabu hiyo ilikuja na misafara. Watu wa pwani waliotafuta pembe za ndovu walikuwa wakipita Uchagani kabla ya Rebmann kuuona mlima tarehe 11 Mei 1848, na watawala kama Rindi wa Moshi, aliyeitwa Mandara na Waswahili na kufa mwaka 1891, walipata nguvu nyingi kwa kufanya biashara nao. Katika misafara hiyo ndimo yalimokomaa maneno matatu ambayo hayajaondoka mlimani hata leo: mpagazi, nyapara na posho. Mpagazi ni mtu wa kupagaa mzigo begani. Nyapara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi. Baadaye neno likahamia katika mashamba makubwa likawa jina la msimamizi wa vibarua, kisha likaingia gerezani, na kila lilipohama lilizidi kuwa kali. Posho ilikuwa chakula cha siku, au kitu cha kununulia chakula, alichopewa mpagazi ili afike salama. Wakenya na Waganda wamelibakiza neno hilo katika unga wa mahindi. Watu wa Tanzania wamelipeleka ofisini, na posho imekuwa fedha anayopewa mtumishi akisafiri au akikaa katika mkutano. Twalitazama neno hili kwa mshangao kidogo. Lilianza kwa mtu wa chini kabisa katika safari, na leo ni wakubwa wanaolitaja mara nyingi kuliko wote.

Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi katika mwaka 1911, haja ya mpagazi wa masafa marefu ilipungua, na mji mpya ukajengwa chini tambarareni, penye stesheni. Walowezi walikwisha kuchukua ardhi chini ya vihamba, nao walitaka watu wa kuwafanyia kazi. Hapo twakutana na neno kibarua, ambalo lastahili maelezo marefu zaidi kidogo.

Kwa asili kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu aliyeajiriwa kwa siku ili akionyeshe saa ya kulipwa. Cheti kikalipa jina lile kundi zima la watu waliokishika. Lakini mambo hayakuishia hapo. Sarufi yenyewe yatuonyesha safari ya neno hili: twasema "kibarua amekuja", kwa upatanisho wa viumbe wenye uhai, na twasema pia "kibarua changu kimeota nyasi", kwa upatanisho wa ngeli ya vitu. Katika sentensi ya kwanza kibarua ni mtu. Katika ya pili ni kazi yake, nayo imepotea. Msemo huu wa kuota nyasi hutumiwa leo na karani, na mwalimu, na hata mkurugenzi aliyeondolewa kwa barua yenye mhuri. Mtu aliyesoma miaka mingi na kulipwa kwa mwezi, akiiita kazi yake kibarua, hufanya mzaha. Lakini mzaha huo wakiri kwamba kazi ya mwezi nayo yaweza kukatika kama ya siku.

Kando ya kibarua kulikuwako kipande. Huko Usambara zamani za Wajerumani mtu alipewa kadi ya kazi ya siku 30, na baada ya vita vya kwanza desturi ya kuhesabu siku 30 kwa alama katika kadi iliendelea katika mashamba ya Tanganyika. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku, hata kama mtu aliamka alfajiri akashika jembe. Tena palikuwa na manamba, yaani watu wa mkataba waliochukuliwa kutoka mbali kwa ajili ya mkonge hasa, walioitwa kwa namba zao. Shirika la wenye mkonge la kuwatafuta watu hao, lililojulikana kwa jina la SILABU, lilifanya kazi tangu 1944 hata 1965.

Wachagga wengi hawakutaka kuwa vibarua wa kudumu, na sababu yake ni kahawa. Mbuni ulifika kwa wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya vita vya kwanza Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya, aliwahimiza wenyeji waupande katika vihamba vyao kati ya migomba. Walowezi walipinga. Walisema kahawa ya wenyeji italeta magonjwa ya mimea na wizi. Lakini hofu yao nyingine ilikuwa kwamba mtu mwenye mibuni yake hatakuja kuchuma ya mwingine. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na mwaka 1933 mahali pake pakaingia chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake lilikuwa maarufu mbali na Tanganyika.

Hapa yafaa tusimame kwenye kitenzi chuma. Kuchuma ni kutwaa tunda katika mti. Na kuchuma ni kupata mali. Kutokana na kitenzi hicho tumepata uchumi, neno ambalo wasemaji wa bungeni hulitumia bila ya kukumbuka mti wowote. Lakini katika miteremko ya Kilimanjaro maana hizo mbili zilikuwa jambo moja kwa muda wa miaka hamsini au zaidi. Mtu aliyekwenda kuchuma kahawa alikwenda kuchuma ada ya mtoto, bati la nyumba, na mahari. Methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini haikuwa fumbo hapo. Ilikuwa maelezo ya mwaka mmoja wa kilimo. Tena mchumaji katika shamba kubwa la mlowezi alilipwa kwa debe alilojaza, naye aliitwa kwa jina lilo hilo la mchumaji, ijapokuwa alichochuma kilikuwa cha mwingine. Kati ya mchumaji wa kihambani na mchumaji wa debe lugha haikuweka tofauti yoyote. Watu ndio walioiweka, na waliiweka kwa nguvu.

Je, mtu wa kihambani alikuwa na mwajiri? Yeye mwenyewe angelikataa. Lakini bei ya kahawa yake haikukatwa na yeye, wala na mangi, wala na meneja wa chama. Ilipoanguka katika miaka ya 1930, wakulima waliokasirika walizivamia na kuzibomoa baadhi ya nyumba za vyama mwaka 1937, na baadhi ya viongozi wao wakahamishwa kwa amri ya serikali. Baridi kali ilipoiua mibuni ya Brazil mwaka 1953, bei ilipanda mno mwaka uliofuata, na Wachagga wakajenga shule. Baridi ya namna hiyo ilirudi Brazil mwaka 1975, na bei ikapanda tena hata ikafika kilele mwaka 1977. Mkulima wa Kibosho au Machame hakuiona Brazil, lakini baridi ya huko ilimwezekea nyumba. Twataja mambo haya ili msomaji asidhani kwamba utandawazi ulianza siku lilipobuniwa neno lake. Neno lenyewe, lililoungwa kwa kutanda na wazi, ni la miaka ya karibuni, na twaliona zuri kwa sauti. Lakini laleta picha ya kitu kilichotandazwa sawasawa mbele ya wote, kama mkeka, na biashara ya kahawa haikutandazwa hivyo hata siku moja.

Chini ya ushirika malipo yalikuja kwa mafungu: malipo ya kwanza mkulima alipoleta kahawa yake, na malipo mengine baadaye, mauzo yalipokwisha kufanyika mnadani Moshi na gharama kuondolewa. Mafungu hayo yaliugawa mwaka, na watu walipanga mambo yao kwa kuyafuata. Vyama vikuu vyote vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, na mahali pake pakawekwa mamlaka ya kahawa. KNCU ilirudishwa mwaka 1984. Mashamba makubwa ya walowezi nayo yalikuwa yametaifishwa mwaka 1973. Mapatano ya dunia yaliyogawa viwango vya kuuza kahawa kwa kila nchi, yaliyofanywa mwaka 1962, yalivunjika Julai 1989. Katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, na wakati huo Vietnam ilikuwa ikipanda mibuni kwa wingi usiopata kuonekana. Kufikia 2001 na 2002 bei ya dunia ilikuwa chini kabisa.

Katika miaka hiyo lugha ilijaa maneno mapya: soko huria, ubinafsishaji, mwekezaji, kupunguzwa, kujiajiri. Ubinafsishaji limetungwa vizuri kwa kanuni za lugha, na hapana wa kulilaumu lililolitunga. Lakini watu walikuwa tayari na neno ubinafsi, yaani choyo ya mtu anayejitazama yeye peke yake, na maneno yaliyo ndugu hayawezi kuzuiwa yasiongee. Mtu aliposikia kwamba kiwanda chake kitabinafsishwa, alisikia na lile lingine ndani yake. Kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini kusini ya mji, chatoa mfano mzuri wa duara hili: kilianzishwa na Wadenmaki wa nyumba ya A. P. Møller mwaka 1930, kikawa mali ya serikali takribani miaka hamsini baadaye, na mwaka 2000 sehemu yake kubwa ikauzwa kwa kampuni yenye asili ya Mauritius, serikali ikibaki na hisa chache. Haki haituruhusu kusema kwamba mabadiliko hayo yalikuwa hasara tupu, kwa maana kiwanda kilifufuka na sukari ikaongezeka. Lakini mtu aliyepunguzwa hakuwa na faida katika sukari iliyoongezeka. Tazama na kitenzi hiki: waajiri hawakusema watu wamefukuzwa, walisema wamepunguzwa, kama mtu apunguzavyo chumvi.

Aliyepunguzwa alipewa kiinua mgongo. Kwa maoni yetu hili ni neno bora kuliko yote katika orodha ya sheria za kazi, kwa sababu lasema wazi kwamba mgongo ulikuwa umeinama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yahesabu malipo hayo kwa siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka kumi. Kwa hiyo mtu aliyeinama miaka thelathini huinuliwa kwa kumi tu.

Sheria iyo hiyo yaijua mikataba ya namna tatu: wa muda usiotajwa, wa muda uliotajwa, na wa kazi maalumu. Huu wa tatu watupeleka kwa mpagazi, kwa maana amerudi. Hifadhi ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Kahawa ilipodhoofika, vijana wa Marangu na Machame na Kibosho, na wengi wa mji wa Moshi, waliuelekea mlima. Safari ya kwenda kileleni huchukua siku tano hata nane, na nyuma ya kila mgeni huwako watu watatu au wanne wa kumchukulia hema, chakula, meza, na pengine choo. Ni mapatano ya siku chache, yakiisha, yameisha. Penye malango ya hifadhi pana mizani, na kipimo cha mzigo ni kilo 20. Vibanda vya njia ya Marangu vyaitwa Mandara, Horombo na Kibo. Hivyo jina la mangi aliyefanya biashara na misafara limebaki mahali ambapo wapagazi hupumzika usiku wa kwanza, jambo ambalo labda lisingemchukiza.

Serikali na makampuni huwaita wapagazi. Wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Tofauti ya majina haya mawili ni ya maana sana kwa mtu anayetaka kujua kama kazi inawapendeza. Mpagazi ni jina la kitendo: lamtaja mtu kwa mzigo wake. Mgumu ni jina la sifa: lamtaja kwa ugumu wake, yaani kwa kile alicho nacho yeye mwenyewe wala si cha tajiri. Tena kivumishi hiki kina maana mbili, kwa kuwa maisha nayo huwa magumu. Mgumu ni mtu anayelingana na maisha yake. Jina kama hilo halibuniwi na mtu anayeidharau kazi yake. Lakini pia halibuniwi na mtu aliye raha mustarehe.

Malipo ya mgumu yana sehemu mbili. Iko ya kampuni, inayohesabiwa kwa siku, na iko ya mgeni, inayotolewa mwisho wa safari. Hii ya pili zamani ingeliitwa bakshishi, neno la Kiajemi lililopitia baharini. Siku hizi wengi husema tipu. Bakshishi ni zawadi, na zawadi haidaiwi mahakamani. Lakini pale ambapo ujira ni mdogo na zawadi yaingojea ada ya shule, zawadi imekuwa sehemu ya ujira bila ya kuacha kuwa zawadi, na hapo ndipo lilipo jeraha. Mtu hujikuta akiyatafuta malipo ya haki kwa uso wa kushukuru. Anaimba, anacheza, anampongeza mgeni. Na hapana ubaya katika kuimba, ila mtu wa debe la kahawa hakutakiwa kuliimbia debe. Tangu mwaka 2003 liko shirika mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, linaloshughulikia ujira na mizigo na mavazi ya watu hawa. Na ukisikiliza maneno yake na ya vyama vya wapagazi wenyewe, utaona kwamba shauri kubwa ni kuiondoa fedha katika upande wa fadhila na kuitia katika upande wa haki.

Kule Mererani, kilomita chache kusini ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mapatano yamekwenda mbali zaidi. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, nao wachimbaji wadogo wake huitwa wanaapolo. Yasemwa kwamba jina limetokana na vyombo vya Marekani vilivyokwenda mwezini. Mwanaapolo kwa desturi hakuwa na mshahara. Alipewa posho, yaani chakula, kama mpagazi wa karne ya 19, na jiwe likipatikana alipata fungu. Lisipopatikana, alikuwa amekula tu. Hatujui neno la kazi katika Kiswahili lililobeba matumaini mengi na uhakika mchache kama hili.

Na mjini? Kijana mwenye bodaboda isiyo yake hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Chochote kinachozidi hesabu ni chake, na siku isiyozidi ni yake vilevile. Kwenye mabasi madogo kuna deiwaka, anayeshika usukani au kukusanya nauli kwa siku moja kwa niaba ya mwenye kazi. Neno limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni mtu wa kazi ya siku. Tuliwahi kusikia watu wa lugha wakililalamikia kuwa ni uchafu wa mitaani. Sisi twaliona kuwa ni ushahidi. Kiswahili kilikuwa na neno la mtu wa siku, nalo ni kibarua. Lakini kibarua lilipopanda daraja likawa jina la kazi yoyote, mahali pa chini pakabaki pasipo neno, na mtu wa mahali hapo hakupungua. Lugha ikaazima jingine.

Sasa turudi kwenye swali la wachunguzi. Kuridhika ni kauli ya kitenzi ridhia, chenye asili ya Kiarabu, na ndugu zake ni radhi na ridhaa. Mtoto huomba radhi za wazazi. Mwanamke hutoa ridhaa ya kuolewa. Aliyeshindwa kesi huambiwa aridhike na hukumu. Katika matumizi hayo yote kuna kukubali, na mara nyingi kuna kukubali mbele ya mwenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mchunguzi akimwuliza mgumu, "Je, umeridhika na kazi yako?", yeye husikia kwamba anaulizwa kama ameikubali. Amekwisha kuikubali; ameupanda mlima. Atajibu ndiyo, na pengine ataongeza kwamba anamshukuru Mungu. Ndiyo hiyo huandikwa katika jedwali kuwa ni furaha.

Yako maneno mengine mawili. Kutosheka latokana na tosha, neno la asili ya Kibantu, na ni la kipimo: kitu kimefika ukingoni mwa chombo. Mtu aliyeridhika huenda hajatosheka hata kidogo. Akiulizwa, "Kazi hii yakutosha?", atakwenda moja kwa moja kwenye hesabu: ada kiasi hiki, kodi kiasi hiki, mwezi wa mvua hakuna safari. Kukinai nalo ni la Kiarabu, na kwa asili ni sifa njema ya mtu asiyetamani zaidi. Lakini huko pwani aliyekinai aweza kuwa aliyeshiba hata chakula kikamchukiza. Basi kwa neno moja la Kiingereza tuna maneno matatu, na kila moja huleta jibu lake. Wala si kosa la Kiswahili. Ni Kiingereza kilichoyachanganya mambo matatu katika gunia moja, na mfasiri akalibeba gunia zima begani bila ya kulifungua.

Mfano wa mkulima wa kahawa ni mgumu zaidi. Mzee mwenye kihamba, ambaye mibuni yake imezeeka na bei yake haijulikani mpaka mnadani, mara nyingi haing'oi. Vijana wake wamepanda nyanya kwenye shamba la chini, na mkewe, ambaye ndizi na maziwa vilikuwa mali yake tangu zamani, huleta nyumbani kutoka soko la Mwika fedha nyingi kuliko zile za kahawa. Kahawa haimtoshi, naye ajua. Lakini ukimwuliza kama ameridhika na kilimo chake atasema ndiyo, na safari hii neno halidanganyi: ameridhia kukaa katika ardhi ya baba yake, jambo ambalo halina safu katika jedwali. Mchunguzi akimweka katika hesabu moja na mgumu wa Machame, kwa sababu wote wawili walitia alama mahali pamoja, amejumlisha vitu visivyojumlishika.

Twashauri basi kwamba anayetunga maswali ya namna hii aanze kwa kuyasikiliza majina ambayo watu hujiita, na malipo wanavyoyaita. Kisha aulize kwa maneno yote matatu, akitenga jibu la kila moja. Na aandike tarehe. Mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimama kuanzia Aprili hata katikati ya Mei na wageni wakatoweka kwa miezi mingi, wagumu wengi walirudi kushika jembe katika vihamba ambavyo walikuwa wameviacha, na waliporudi mlimani baadaye hawakuwa na jibu lile lile walilokuwa nalo. Hata katika mwaka wa kawaida mambo ni hivyo. Mtu anayeulizwa penye lango la Mweka akishuka, safari imekwisha salama na bahasha imo mfukoni, na mtu huyo huyo akiulizwa mwezi wa Aprili, masika yananyesha na lango ni kimya, atatoa majibu mawili, na yote mawili yatakuwa kweli.